Mguu wa Bontu Usiguse Ardhi

Wakubwa wa mji wetu hawajui farasi, ndiyo maana hawajui watu. Nalisema hilo mwanzoni lisije likanikaba baadaye. Mimi naendesha gari la farasi kati ya soko na kituo cha mabasi, hapa Arsi, chini ya mlima Chilalo, na farasi wangu anaitwa Dama. Kwetu mwanamume huitwa kwa jina la farasi wake, kwa hiyo mimi ni Abba Dama, yaani baba wa Dama. Jina nililopewa na mama yangu alikuwa akiliita mke wangu Shashe peke yake, na Shashe ameondoka nalo.

Alikufa juu ya gari hili hili. Damu ilikuwa inamtoka, nikakimbilia hospitali kuomba gari la wagonjwa, nikaambiwa limetoka. Limetoka kwenda wapi? Limebeba viti vya harusi ya binti wa mkubwa wa wilaya. Nikamfunga Dama, nikamlaza Shashe juu ya ngozi ya kondoo aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya abiria wangu, na tulipofika darajani alikuwa amenyamaza. Tangu hapo nikiona mtu ana kalamu mfukoni au koti jeupe mwilini, mate ya kutema hunijaa mdomoni.

Kwa hiyo msishangae nikisema sikumpenda Daktari Sinkinesh.

Aliyenipeleka kwake ni Bontu, au mimi ndiye niliyempeleka Bontu, vyovyote. Bontu ni mkimbiaji. Wazazi wake wako kijijini huko juu, na Shashe alikuwa mama yake wa ubatizo, kwa hiyo hapa mjini sisi ndio tuliokuwa kwao. Alilala bweni la klabu ya kiwanda. Kila alfajiri ungewaona msituni kwenye mikalitusi, mstari mmoja mrefu, kijana anayeitwa Hunde mbele, wengine nyuma, kila mmoja akitia mguu pale pale mwenzake alipoutoa. Kwetu hakuna mtu mwenye akili anayefanya mazoezi peke yake. Anayekimbia peke yake anatafuta afya. Wanaokimbia kwa mstari wanatafuta maisha.

Sasa ukiwa kwenye mstari, aliye nyuma yako anaijua miguu yako kuliko mama yako. Msichana aliyekuwa nyuma ya Bontu ndiye aliyesema: "We Bontu, mbona siku hizi unakanyaga kwa ukingo wa unyayo kama kuku aliyefungwa kamba?" Bontu akamwambia afunge mdomo. Maana kwenye mstari ukitoka, nafasi yako inajifunga kama maji.

Lakini meneja wa klabu alisikia. Huyu ni Bwana Zelalem, mtu ambaye hajawahi kukimbia hata akinyeshewa mvua. Akampeleka akapigwa picha ya mguu, picha ikatoka safi. "Mfupa mzima," akasema. "Huyu ana uvivu tu." Akaagiza achomwe sindano ya kuua maumivu, akakimbia. Wiki nyingine sindano, akakimbia. Sisi hapa farasi akivunjika mguu tunamtoa nje ya mji jua likizama, fisi wanamaliza kazi. Ni ukatili, lakini angalau hatumchomi sindano kwanza tukamfunga tena kwenye gari.

Siku moja nilimpakia Bontu sokoni, na tulipofika bwenini akashindwa kushuka. Alikaa tu kwenye ngozi ya kondoo ya Shashe, anatazama mguu wake kama wa mtu mwingine.

"Abba," akaniambia, "ukinisaidia kushuka mbele ya watu wataniona."

Sikumshusha. Niligeuza gari. Ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi ya pili huwa anakuja daktari wa mifupa kutoka Addis, mwanamke, ndiye huyo Sinkinesh, anaangalia miguu ya wakimbiaji. Mji wetu unazaa wakimbiaji kama mji mwingine unavyozaa viazi, na miguu yao hakuna aliyekuwa akiiuliza habari kabla yake.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

"Nani kakuleta?" akamuuliza Bontu.

"Farasi," nikajibu mimi.

"Ana adabu kuliko wewe?"

"Kuliko wote wenye makoti ya rangi hiyo."

Akacheka. Nilikuwa nimejiandaa afoke, akacheka mpaka miwani ikaruka, kisha akaketi sakafuni. Sakafuni, jamani! Daktari mzima, akaweka mguu wenye matope wa Bontu mapajani mwake, vidole vyake vikaanza kutembea polepole kutoka kwenye kifundo kushuka. Hakuwa na haraka. Alibonyeza hapa, akangoja. Alibonyeza pale, akangoja. Halafu gumba lake likafika juu ya mguu, katikati, pale panapoinuka kidogo, akabonyeza. Bontu alishika kiganja changu akakikaba.

"Simama kwa mguu huu mmoja, uruke."

Akaruka mara moja. Mara ya pili mguu mwingine ukashuka wenyewe.

"Umepasuka," daktari akasema.

"Picha ilisema mzima," Bontu akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba picha iwe imesema kweli.

"Mama yako ana kikaango cha udongo cha kupikia mikate ya injera?"

"Anacho."

"Kikiwa na ufa mwembamba, unauona kikiwa baridi?"

Bontu akafikiri. "Hapana. Unauona kikiwa motoni. Unga unapenya."

"Basi picha ile ilikiangalia kikaango baridi. Na wewe umekuwa ukikipikia kila siku."

Siku hiyo hiyo alimpakia kwenye gari lake mwenyewe, gari dogo la rangi ya mchanga, akampeleka Addis kwenye mashine ile kubwa ya duara inayoukata mfupa kwa macho vipande vipande. Ufa ulikuwepo. Ulikuwa umeanzia juu ukafika katikati ya mfupa, haujatokea upande wa pili. Walirudi, na nilikuwepo alipomfunga plasta. Nimeona watu wengi wakifunga vitu. Nimeona mafundi wa hatamu, nimeona waosha maiti. Sijaona mikono kama ile. Alizungusha bandeji iliyoloa chokaa, kila mzunguko akaulainisha kwa kiganja, akaubembeleza chini ya unyayo mpaka ukachukua umbo la mguu wenyewe, huku akizungumza.

"Mfupa huu katikati yake damu inafika kidogo. Ni kama shamba lililo mwisho wa mfereji, la kwanza kukauka. Ukitulia, maji yatafika. Wiki sita mguu usiguse ardhi. Hata chooni. Hata kanisani. Ukikanyaga, ufa utakwenda mpaka upande wa pili, nitaweka skrubu, na baada ya skrubu kuna wanaokimbia tena na kuna wasiokimbia. Sitakuahidi. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Wakimbiaji wote wanasema wameelewa. Ukimfungia mkimbiaji chumbani peke yake, siku ya nne anatembea kwa siri." Akanigeukia. "Wewe wa farasi. Gari lako lina kazi gani alfajiri?"

"Kungoja abiria."

"Umeshampata."

Ndivyo tulivyoanza. Kila alfajiri nilimfuata Bontu bwenini, namwinua kama gunia la ngano, mguu juu ya ngozi ya kondoo, na Dama anatembea kwenye njia ya kando huku mstari ukikata msitu. Bontu alikuwa kama mke wa pili wa kila mtu kwa kugombeza. "Hunde! Unatembea au unakimbia? Dama anasinzia!" "Funga domo, malkia wa plasta!" Hunde anajibu, na mstari wote unacheka bila kupoteza hatua. Nafasi yake haikujifunga. Ndipo nikaanza kumwelewa yule daktari. Alitibu mfupa, na akatibu kile kitakachouvunja tena.

Ikafika Timkat.

Hiyo ni sikukuu yetu ya ubatizo, mnajua, na kwa Bontu haikuwa jambo dogo, maana Shashe ndiye aliyembeba majini. "Abba, tutakwenda," akasema. "Nitakaa juu ya gari, sitashuka." Nikakubali. Na yeye akashika neno lake, hakushuka.

Lakini tabot ilipopita, sanduku takatifu kichwani kwa padri chini ya miavuli ya dhahabu, nani anabaki ameketi? Hata mimi niliyekuwa sisemeshani na Mungu tangu daraja lile nilivua kofia. Bontu akasimama juu ya gari kwa mguu mmoja, mkono begani kwangu. Halafu bibi mmoja akamwona. "Wuuu! Mguu wa mtoto wetu! Mkimbiaji wetu! Mwagieni maji!"

Mnaweza kuzuia upendo wa namna ile? Walikuja na ndoo, na chupa, na mpira wa maji uliokuwa ukirushia umati. Kila mmoja alitaka maji yaliyobarikiwa yaufikie ule mguu. Nikapiga kelele, nani anasikia kelele siku ya vigelegele? Plasta ikaanza kulainika kama mkate kwenye maziwa. Mpira wa maji ukampata Dama usoni, akaruka nyuma, gari likayumba, na Bontu, asianguke kichwa chini, akatua kwa mguu ule. Kwa uzito wake wote. Nilisikia ubao wa gari ukilia.

Aliketi taratibu, chokaa imemtiririka kwenye kidole gumba, akasema, "Abba, nimekanyaga."

Kutoka chini ya turubai la waheshimiwa, Bwana Zelalem alikuwa ametuona. Alimwona amesimama. Hakuona zaidi, na hakutaka.

Bontu alimpigia daktari simu kutoka kwenye gari. Nilimwambia asijisumbue. Sikukuu ya Timkat, barabara zimejaa watu, yeye yuko Addis na watoto wake. "Atakwambia njoo Alhamisi," nikasema. "Ndivyo wanavyosema." Tukaenda kukaa kibarazani hospitalini, kwa sababu hatukuwa na pengine pa kwenda, na mlinzi akatuambia wakubwa wote wako sikukuu. Nikacheka kwa ubaya. Nilikuwa nimewahi kukisikia kibaraza kile kikisema hivyo.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima wakati lile gari dogo la rangi ya mchanga lilipoingia. Daktari Sinkinesh akatoka. Alikuwa na gauni jeupe la sikukuu, shuka lake bado limeloa maji ya kwao, nywele zimemshika usoni, miguuni ndala. Kiti cha nyuma cha gari kilikuwa kimetolewa na pakatandikwa godoro, endapo angelazimika kurudi naye.

Naomba niseme jambo hapa. Mimi nina hesabu yangu na magari. Liko gari lililotoka siku moja likaenda kubeba viti. Na liko hili. Niliinuka, nikavua kofia kwa mara ya pili siku ile.

"Nani kaumwagia maji?" akauliza.

"Mji mzima," nikasema.

"Maji ya Mungu hayana kosa. Plasta ndiyo haikuwa Mkristo." Akaketi sakafuni, gauni jeupe na vyote, akaanza kukata.

Bwana Zelalem naye akafika wakati huo huo, na suti, na fimbo ya sikukuu. Nadhani mlinzi alimpigia. "Vizuri sana," akasema, "mnaitoa. Nimemwona kwa macho yangu, kasimama kama mlingoti. Anayeweza kusimama mbele ya tabot hawezi kusimama mbele ya klabu? Jumamosi kuna majaribio. Asipokimbia, kitanda chake kinapata mtu mwingine."

Mimi nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo ya kutosha kujaza gari. Daktari akanipiga jicho moja, nikayameza.

"Bwana Zelalem," akasema kwa upole, "chuchumaa hapa."

"Kwa nini?"

"Nataka gumba lako. Wewe unasema mzima, mimi nasema umepasuka. Tuuulize mguu."

"Mimi si daktari."

"Lakini sindano unaagiza. Chuchumaa."

Mlinzi alikuwa anatazama, na wauguzi wawili, na mimi. Akachuchumaa, suti ikakunjamana. Daktari akamshika gumba kama mtoto anayefundishwa kuandika, akaliweka pale katikati. "Bonyeza." Akabonyeza kama mtu anayegusa sahani ya moto. "Hivyo hata nzi humuumizi. Bonyeza." Akabonyeza.

Bontu alijikunja mgongo wote, kichwa kikagonga ukuta. Bwana Zelalem akautoa mkono akauangalia, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Sitasema uongo kwa sababu simpendi: uso ule ulikuwa wa binadamu.

Lakini mkubwa ni mkubwa. Akasimama, akajipangusa magoti. "Pole, binti," akasema. "Lakini kanuni za klabu sikuzitunga mimi. Klabu hailishi waliokaa."

Daktari hakumsaidia Bontu kujibu. Aliendelea kuushika ule mguu tu, mikono miwili chini yake kama mtu aliyebeba ndege, na akangoja.

Bontu alikuwa ameingia bweni lile akiwa na miaka kumi na tano. Kitanda kile kilikuwa chakula chake, viatu vyake, na hela anayoituma kijijini. Ukikiacha, hakikungoji.

"Basi mpe mwingine kitanda," akasema. Kisha akanigeukia. "Abba, kwako bado kuna nafasi pale alipokuwa anakaa mama?"

Nikasema ipo.

"Nyumba yako ina ngazi?" daktari akaniuliza, hata hajainua uso.

"Ina mlango na kuku."

"Kuku wafungie nje." Akafungua mkoba, akatoa bandeji nyingine, ile ngumu isiyoogopa maji. Ghala ya hospitali yetu haijawahi kuwa nayo, na mwenye ufunguo wa ghala ni mkubwa kama wakubwa wengine. Hii aliitoa kwake. "Maumivu si kama siku ya kwanza," akamwambia Bontu. "Kwa hiyo sijui kama umeharibu au umerudi nyuma kidogo tu. Hakuna anayejua leo. Tunaanza upya. Mara hii watu wakikumwagia maji, cheka nao."

Akaendesha kurudi Addis na lile shuka lililoloa.

Bontu akakaa kwangu. Aliketi kwenye kigoda cha Shashe, mguu juu ya kingine, akachambua dengu, akanipikia mchuzi wa shiro wenye chumvi kama machozi, akanisema kwa kutofua mashati. Majaribio yalipita bila yeye. Jumatatu iliyofuata alfajiri nilimpeleka msituni kama kawaida, ingawa hakuwa tena mtu wa klabu, na nilikuwa na wasiwasi tutafukuzwa. Hunde alituona. Aliupinda mstari kutoka kwenye miti, akauleta mpaka kwenye gari, akauzungusha kulizunguka gari lote, Dama katikati akiwa amesimamisha masikio, kisha akaurudisha msituni. Kila mmoja alipopita aligonga ubao kwa kiganja. Kila alfajiri wakafanya hivyo. Nasikia Bwana Zelalem aliambiwa, akasema hakuona ubaya. Labda gumba lake bado lilikuwa linakumbuka.

Na daktari alikuja kila Alhamisi yake. Hakusubiri tumpelekee mguu hospitalini, alikuja uani kwangu, akanywa kahawa mpaka kikombe cha tatu kama mtu aliyelelewa vizuri. Aliuliza kama Bontu anakula. Akakuta ameacha mayai na maziwa, maana ilikuwa imeanza mfungo mkubwa wa kabla ya Pasaka, akaenda mwenyewe kwa padri wa kanisa letu, akakaa naye kwenye jiwe, akarudi na ruhusa. "Padri anasema mfupa nao ni mgonjwa, na mgonjwa hafungi," akasema. Mayai yakarudi. Nani mwingine mwenye shule kama ile angejua kwamba njia ya kwenda kwenye mfupa wa binti wa Arsi inapita kwa padri?

Siku ya kufungua nilikuwa nimeshindwa hata kumlisha Dama sawasawa. Bandeji ikakatwa, mguu ukatoka mwembamba, mweupe kwa ngozi iliyokufa, unatia huruma. Bontu alikuwa ameshika bakuli la shayiri ya kukaanga, anatafuna mfululizo kwa woga, kruu, kruu, kruu. Daktari akauweka mguu mapajani. Vidole vikaanza safari yao. Hapa, akangoja. Pale, akangoja. Gumba likafika pale katikati, likabonyeza, na mimi nikafumba macho.

Kruu, kruu, kruu.

Nikafumbua. Gumba la daktari lilikuwa limezama mpaka ukucha umekuwa mweupe. Bontu aliendelea kutafuna.

"Nabonyeza," daktari akasema.

"Najua," Bontu akasema, mdomo umejaa.

"Inauma?"

Hapo ndipo alipotambua, akaacha kutafuna. Alimtazama daktari, kisha mguu, kisha akanitazama mimi, na shayiri ikamwagika uani. Kuku wakaja mbio.

Daktari Sinkinesh alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Kutembea tu kwanza," akasema kwa ukali. "Kukimbia nitasema mimi. Ukimsikia meneja, ukimsikia Hunde, ukimsikia malaika, unasubiri mimi. Simama."

Akasimama kwa miguu miwili. Mvua ilikuwa imenyesha, ua ni tope. Alipiga hatua, akageuka kutazama nyuma alichoacha: nyayo mbili, moja iliyozama ya mguu imara, moja iliyobonyea kidogo. Akapiga nyingine.

Nilikuwa nimemfunga Dama tayari kumrudisha daktari kituoni, maana gari lake lilikuwa gereji. "Panda, binti," nikamwambia Bontu kwa mazoea.

"Natembea, Abba."

"Basi mimi nitapanda," akasema daktari, akajivuta juu bila kusaidiwa, akaketi kwenye ngozi ya kondoo ya Shashe. Hapo hapajawahi kukaa mkubwa yeyote tangu Shashe aondoke. Wamenisimamisha wengi, nimesema gari limeharibika. Huyu nilimfunika magoti kwa blanketi.

Tukatoka getini. Bontu mbele, polepole, akichagua pa kukanyaga, na Dama, ambaye sijawahi kumfundisha jambo hilo, akawa anatia kwato zake nyuma yake, pale pale alipoutoa mguu.